KAZI ZA MIKONO: Sabufa ya Gari na Kasha Lake



Siku hizi magari yameongezeka vijijini mwetu. Ndugu wawili au watatu wauza mahindi au pamba, wachanga fedha zao, wanunua gari kuukuu lililotoka Ujapani, nalo laanza kazi. Jumatatu lapeleka magunia mnadani. Jumapili lachukua wazee kwenda Misa. Na usiku wa manane labeba mama mwenye uchungu kwenda hospitali ya misheni. Gari la namna hiyo ni shamba la pili la jamaa nzima, nalo lastahili kutunzwa kama ng'ombe wa maziwa.

Kisha kijana anayeliendesha aanza kutamani muziki mzito. Amesikia gari la mjini likipita, kifua chake kikatetemeka, naye ataka la kwao livume vivyo hivyo. Baba asema: "Upuuzi mtupu!" Kijana anyamaza. Lakini siku akipata fedha aenda mjini peke yake, arudi na spika kubwa inayong'aa, naye fundi wa kando ya barabara amfungia kwa waya mwembamba. Mwezi haujaisha, betri imekufa au waya umeungua, na ugomvi umeingia nyumbani.

Basi leo twataka kusema na wote wawili, baba na kijana. Kupenda muziki si dhambi. Hata kwaya bila sauti ya nne hupwaya. Lakini kazi hii ina utaratibu wake. Mwenye kuufuata hutumia fedha kidogo, hupata sauti nzuri, na gari lake hubaki salama. Neno letu kubwa ni hili: usimalize fedha zako kwa kile kinachoonekana. Kinachoonekana ni spika. Kinachofanya kazi ni kasha, waya na fyuzi, vitu ambavyo hakuna mpita njia atakayevisifu.

Sabufa ni kitu gani?

Nyumbani mwa wengi, sabufa ni ile redio yenye kasha kubwa moja na spika mbili ndogo za pembeni. Ya gari ni ndugu yake, ila yatumia umeme wa betri.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Sikio la mtu husikia kuanzia mitetemo 20 hivi kwa sekunde moja hadi 20,000. Sabufa kazi yake ni zile sauti za chini kabisa, kuanzia 20 hadi 80 au 100: ngoma kubwa, gitaa la besi, na kinanda kikibonyezwa mwisho wa upande wa kushoto. Spika ndogo za mlangoni haziwezi kazi hiyo, maana utando wake hausukumi hewa ya kutosha.

Hapa yafaa kumwonya mtu. Maneno ya mtu karibu yote hupita kwenye spika ndogo, wala si kwenye sabufa. Kama katika gari lako mahubiri na habari za redio hazisikiki vizuri, sabufa haitakusaidia. Tengeneza kwanza spika za mlangoni. Huenda karatasi zake zimechanika. Ukiisha kusikia maneno vizuri, ndipo ufikirie besi.

Tena sabufa moja yatosha. Sauti za chini sikio halitambui zatoka upande gani, kwa hiyo hakuna haja ya kufunga moja kulia na nyingine kushoto.

Kwa nini kasha?

Chukua zeze, uondoe kibuyu chake: uzi wabaki kulia kama mbu. Sabufa nayo ikikosa kasha haina sauti, ila sababu yake ni nyingine.

Utando wa spika huenda mbele na nyuma. Unapoisukuma hewa ya mbele, wakati uleule waivuta hewa ya nyuma. Hivyo yatoka mawimbi mawili yaliyo kinyume, nayo yakikutana yauana. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu yuko ndani na yule yuko nje: wote watokwa jasho, na mlango hausogei. Ndiyo maana sabufa iliyolazwa tu nyuma ya kiti bila kasha yaruka-ruka bila kuvuma. Kasha hulitenga wimbi la nyuma na la mbele.

Makasha ni ya namna mbili.

La kwanza ni kasha lililozibwa pande zote. Hewa iliyofungiwa ndani hufanya kazi ya springi: utando ukienda mbali, hewa yaurudisha. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur aliwaonyesha watu kwamba kasha dogo lililozibwa vizuri laweza kutoa besi ambayo kabla yake ilidhaniwa kuhitaji kasha kubwa kama kabati.

La pili ni kasha lenye bomba. Puliza juu ya mdomo wa chupa tupu, nayo italia kwa sauti moja. Tia maji kidogo, sauti yapanda. Kasha lenye bomba ni chupa hiyo: lina sauti yake, na fundi hulipima ili sauti hiyo iongeze nguvu ya spika. Mmarekani mwingine, Albert Thuras, alipewa hataza ya kasha la namna hiyo mwaka 1932. Lakini kwa miaka mingi mafundi walikisia tu, mpaka Neville Thiele wa Australia alipotoa hesabu zake mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza katika miaka ya 1970. Kwa sababu ya kazi yao, leo spika nzuri huja na karatasi yenye tarakimu zinazomwambia seremala kasha liwe la ukubwa gani.

Je, uchague lipi? Kasha lenye bomba huvuma zaidi kwa nguvu ileile ya umeme. Lakini ni kubwa, tena halisamehe kosa. Tutoe mfano. Kasha la lita 50 lenye bomba la upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 31 huimba kwenye mitetemo 35 hivi kwa sekunde. Ukilikata bomba hilo libaki sentimita 15, sauti yake yapanda hadi 46 hivi, na besi ya chini yapotea. Tena muziki ukishuka chini ya sauti ya kasha, utando hauna tena hewa ya kuuzuia; wacheza ovyo mpaka wachanika.

Kasha lililozibwa ni la upole. Ukikosea lita moja au mbili, hutaona tofauti kubwa. Tena gari lenyewe lasaidia: likifungwa madirisha ni chumba kidogo, na chumba kidogo huongeza nguvu ya sauti za chini kabisa. Magari kama Probox na Noah, ambayo nyuma hayana buti lililotengwa, hufaa sana kwa jambo hilo. Kwa hiyo sisi twamshauri mtu anayeanza: fanya kasha lililozibwa.

Kuchagua spika

Sabufa za gari hupimwa kwa inchi: 8, 10, 12 na 15. Kwa gari la jamaa, inchi 10 yatosha kabisa. Ya inchi 15 yataka kasha linalokula nafasi ya magunia, na magunia ndiyo yaliyolinunua gari.

Usidanganywe na tarakimu kubwa juu ya boksi. Utaona limeandikwa wati 1,000 au 1,500. Hiyo ni nguvu ya kufumba na kufumbua. Wewe tafuta tarakimu iliyoandikwa pamoja na herufi RMS. Hiyo ndiyo nguvu ambayo spika yaweza kuistahimili muda wote, nayo mara nyingi ni ndogo sana kuliko ile ya boksi. Wati 200 au 250 za RMS ni nyingi ndani ya gari dogo. Tena fahamu kwamba ukiongeza nguvu mara mbili, sauti haiwi kubwa mara mbili. Yaongezeka desibeli 3 tu, kidogo tu sikioni. Ili sikio lione sauti imekuwa mara mbili, nguvu yapasa kuongezwa mara kumi hivi. Basi anayetoka wati 250 kwenda 500 amelipa sana kwa faida ndogo.

Jambo la tatu ni omu, yaani kiasi ambacho spika yauzuia umeme. Sabufa nyingi zina koili mbili. Kama kila koili ni omu 4, ukizifunga kwa kufuatana wapata omu 8. Ukizifunga sambamba wapata omu 2. Soma amplifaya yako yakubali omu ngapi. Ile iliyotengenezewa omu 4, ukiipa 2, itachemka na kuungua.

Ukinunua spika iliyotumika, fanya hivi kabla ya kutoa fedha. Weka vidole vya mikono miwili pande mbili za utando, usukume polepole na sawasawa. Ukisikia unakwaruza, koili imeharibika, iache. Tazama mpira wa ukingoni kama umepasuka. Inusa: harufu ya kuungua haidanganyi.

Kutengeneza kasha

Hapa ndipo pa seremala. Na seremala wa kijiji aweza kazi hii vizuri kuliko duka, akipewa vipimo.

Mbao zinazofaa ni za MDF au plaiwudi ngumu, unene wa milimita 18. Mninga ni mti wa heshima, lakini ubao mzima hupinda na kupasuka kwa jua na masika, na kasha likipata ufa limekwisha kazi. MDF ni nzito na haitetemeki, ila yaogopa maji. Ikilowa yavimba kama mkate. Ukitumia hiyo, paka rangi kila upande. Na unapoikata, jifunge kitambaa puani na mdomoni na ufanye kazi nje, maana vumbi lake laumiza mapafu. Watoto wasikae karibu.

Ujazo wa kasha hupimwa kwa lita, nao ni ujazo wa ndani. Sabufa za inchi 10 nyingi zataka kati ya lita 14 na 23 katika kasha lililozibwa. Karatasi ya spika yako ndiyo itakayosema hasa. Pima kwa sentimita urefu, kimo na kina cha ndani, zidisha vyote vitatu, kisha gawanya kwa 1,000. Tuseme karatasi yataka lita 20. Ukifanya urefu wa sentimita 36, kimo cha 30 na kina cha 20, wapata 21,600, yaani lita 21.6. Mgongo wa spika wachukua lita moja na nusu au mbili, basi zabaki 20 hivi. Kwa kuwa ubao una milimita 18 kila upande, vipimo vya nje vitakuwa sentimita 39.6 kwa 33.6 kwa 23.6. Kabla ya kukata hata ubao mmoja, hakikisha mgongo wa spika hautagusa ubao wa nyuma, na kasha litaingia garini na mlango ufungike.

Toboa tundu la spika kwa kipimo kilicho kwenye karatasi, wala si kwa kukisia. Paka gundi ya mbao kila kiungo, kisha kaza kwa skrubu kila baada ya sentimita 12 hivi. Toboa kwanza matundu madogo ya skrubu, la sivyo MDF yapasuka ukingoni. Gundi ikikauka, pitisha silikoni kwenye pembe zote za ndani, uiache siku moja nzima. Nyaya zitokee kwenye kikombe chake cha kufungia, nacho kizibwe pia.

Sasa jaribu. Usiku, weka tochi inayowaka ndani ya kasha, ufunike tundu la spika kwa ubao au nguo nzito, uzime taa ya nyumba. Mahali utakapoona mwanga unapenya, hewa nayo itapenya. Ziba hapo. Jaribio hili halina gharama, nao watoto hulipenda.

Mwisho weka spika, na chini ya ukingo wake utandike ukanda wa sponji ili hewa isitoke. Sukuma utando kidogo kwa mkono, uuachie. Ukirudi polepole, kasha limeziba. Ukirudi ghafula, bado pana tundu mahali fulani.

Umeme: hapa pana hatari

Baba aliyesema "upuuzi" asome sehemu hii, maana hofu yake ina sababu.

Amplifaya ya wati 250, hata ile ya kisasa isiyopoteza umeme mwingi, ikivuma kwa nguvu zake zote hutaka ampea 24 hivi kutoka kwenye betri ya volti 12. Huo ni umeme karibu mara tatu ya ule wa taa mbili kubwa za mbele kwa pamoja. Umeme huo hauwezi kupita kwenye waya mwembamba wa redio. Waya utachemka, mpira wake utayeyuka, na kando yake mna zulia, sponji ya viti na petroli.

Basi fuata mambo haya, wala usiruke hata moja.

Kwanza, kabla ya kuanza, fungua kichwa cha hasi cha betri.

Pili, tumia waya wa shaba wa unene wa milimita 10 za mraba, utoke moja kwa moja kwenye betri hadi kwenye amplifaya. Nyaya nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba, nayo haipitishi umeme vizuri kama shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona ndani ni mweupe, umeuziwa alumini.

Tatu, weka fyuzi ya ampea 30 au 40 kwenye waya huo karibu na betri, isizidi sentimita 45. Wengi huiweka nyuma, karibu na amplifaya, wakidhani yatosha. Haitoshi. Fyuzi kazi yake ni kuulinda waya. Waya ukichubuka katikati ya safari yake ukagusa bati, na fyuzi iko mwisho wa safari, hakuna cha kuukata umeme, na moto utawaka mpaka betri iishe. Na fyuzi ikikatika imekuonya, tafuta sababu. Usitie mahali pake msumari, wala kipande cha waya, wala karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Afanyaye hivyo amemfunga kamba mbwa mlinzi na kumwachia mwizi mlango.

Nne, mahali waya unapopita kwenye ukuta wa bati kati ya injini na abiria, weka pete ya mpira. Barabara zetu zatikisa. Bati ni kisu.

Tano, waya wa hasi uwe mnene uleule, mfupi, ufungwe kwenye bati la gari lililokwanguliwa rangi mpaka ling'ae.

Sita, waya mwembamba wa kuiamsha amplifaya uungwe kwenye redio, ili redio ikizimwa nayo ilale. Fundi mvivu huuunga moja kwa moja na betri, na amplifaya yakesha usiku kucha ikinywa umeme.

Saba, nyaya za sauti zipite upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande mwingine, la sivyo utasikia mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini. Redio nyingi zilizokuja na gari hazina matundu ya kutolea sauti kwa amplifaya; basi nunua amplifaya inayokubali nyaya za spika zenyewe.

Jambo la betri tulisisitize. Betri ya gari dogo huwa na ampea 45 hivi kwa saa moja. Kijana akiegesha gari penye arusi, injini imezimwa, na muziki ukala ampea 10 kwa saa tatu, zimekwenda 30. Usiku huo mlango wagongwa: mtoto ana degedege, au mama ameshikwa na uchungu. Ufunguo wageuzwa, na gari lalia "tik" peke yake. Hakuna muziki unaolipa saa hiyo. Kwa hiyo kila jamaa iwe na sheria: injini ikizimwa, sabufa izimwe.

Kupatanisha sauti

Kwenye amplifaya mna vifungo vidogo. Kile kinachochuja sauti za juu kiweke kwenye 80. Kile cha kuongeza besi kiache kwenye sifuri. Kisha fungulia redio mpaka robo tatu ya sauti yake, na kifungo cha nguvu ukipandishe polepole. Ukisikia sauti yaanza kukwaruza, rudisha nyuma kidogo uache hapo. Spika nyingi huungua kwa sauti iliyokwaruzika, hata kama nguvu si nyingi.

Kisha badilisha nyaya mbili za sabufa, chanya mahali pa hasi, usikilize tena ukiwa umekaa kiti cha dereva. Namna ile iliyo na besi nene zaidi ndiyo iliyopatana na spika za mlangoni. Ifunge hivyo.

Kasha nalo lifungwe kwa bolti au mikanda imara. Pamoja na spika lina kilo 12 au zaidi. Gari lilikimbialo kilomita 50 kwa saa likigonga mti, gari lasimama, lakini kasha lisilofungwa laendelea kwa mwendo uleule, na mbele yake wamekaa watoto. Tena kila mwezi kagua skrubu, bolti na nyaya, kwa kuwa vumbi na mashimo ya barabara hulegeza kila kitu.

Masikio na majirani

Sikio likiharibika kwa kelele halirudi. Taasisi ya serikali ya Marekani ya afya ya wafanyakazi, NIOSH, ilipendekeza mwaka 1998 kwamba mtu asikae penye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda upungue nusu. Kwa hesabu hiyo, penye desibeli 100 ni dakika 15 tu kwa siku. Gari lenye sabufa lafika hapo bila shida. Ukishuka garini na masikio yavuma, umezidisha. Na mtoto aliyelala kiti cha nyuma hana kauli. Ni wewe uliyeshika kifungo.

Kwa majirani pia. Besi hupenya ukuta wa tofali na ukuta wa udongo. Jirani asikia dundo bila wimbo, na mgonjwa wake hapati usingizi. Hapa Tanzania zipo kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Lakini mtu mwenye adabu hangoji askari. Ukipita karibu na kanisa, msikiti, shule, zahanati au nyumba yenye msiba, teremsha sauti.

Mwisho

Kijana, ukitaka kumshawishi baba yako, usimpelekee picha ya spika. Mpelekee hesabu: kwanza waya na fyuzi, kisha amplifaya, kisha mbao na ujira wa seremala, na spika iwe ya mwisho katika orodha. Fedha zikipungua, punguza inchi za spika; usipunguze unene wa waya. Baba akiona umeanza na usalama wa gari, atajua mwanawe amekua.

Nawe baba, usikatae kwa ukali kabla ya kusikiliza. Kijana aliyekatazwa bila sababu hufanya kwa siri, na kazi ya siri ndiyo inayochoma magari. Mwite seremala, kaeni watatu, pimeni kasha pamoja.

Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius XII aliiweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei. Seremala yule wa Nazareti alijua kwamba kiungo kilichofichika ndani ndicho kinachoshika meza nzima. Fundi wa leo naye apige gundi pembe za ndani ambazo hakuna atakayeziona, aweke fyuzi chini ya boneti ambapo hakuna atakayeisifu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kutunza betri ya gari na ya sola ili idumu. Kaeni salama.